Sayansi Barazani: Mikahawa ya Sayansi na Suala la Lugha

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya mkutano iliyoenea katika nchi nyingi tangu mwisho wa karne ya 20. Ni mkutano wa mwanasayansi na watu wa kawaida, nao hufanywa mahali pasipokuwa darasa wala maabara: mkahawani, katika ukumbi wa maktaba, katika kituo cha jamii, au penye kivuli cha mti. Mwanasayansi hueleza kwa muda mfupi jambo analolichunguza. Kisha waliohudhuria humwuliza maswali kwa muda mrefu kuliko ule aliozungumza yeye. Hakuna mtihani, hakuna cheti, wala hapana sharti la kuwa na elimu fulani ndipo mtu aruhusiwe kuketi. Waanzilishi wake waliuita kwa jina la Kifaransa, Café Scientifique. Nasi katika makala haya tutauita mkahawa wa sayansi.

Msomaji wa jarida la lugha huenda akauliza jambo hili linamhusu nini. Yafaa swali hilo lijibiwe mapema. Mkahawa wa sayansi ni mazungumzo kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na mazungumzo hayawezi kuwa bora kuliko lugha inayoyabeba. Mhadhara wa chuoni unaweza kufanywa kwa lugha ambayo nusu ya wasikilizaji hawaimudu, na bado ukaitwa mhadhara. Mazungumzo hayawezi. Asiyeweza kuuliza hakuzungumza. Aliketi tu na kutazama wenzake wakizungumza. Hivyo basi, tutaanza kwa kueleza asili ya mikahawa hii na utaratibu wake, kisha tutaulinganisha na baraza letu, na mwisho tutalitazama suala la lugha, ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha jambo zima.

2. Asili ya mikahawa ya sayansi

Uhusiano wa kahawa na elimu ni wa zamani. Katika Uingereza mkahawa wa kwanza ulifunguliwa Oxford mwaka 1650, na wa kwanza mjini London ukafunguliwa na Pasqua Rosée mwaka 1652. Katika miaka iliyofuata mikahawa ikawa mingi. Mtu alilipa peni moja, akapewa kahawa, na pamoja na kahawa akapata habari, magazeti na mabishano ya wenzake. Ndiyo maana watu wakaiita vyuo vikuu vya peni moja. Shajara ya Robert Hooke, mwanasayansi mashuhuri wa wakati huo, imejaa kumbukumbu za mikahawa aliyoingia kuzungumza na mafundi, wafanyabiashara na wanasayansi wenzake. Kuanzia mwaka 1698 John Harris alifundisha hisabati bila ya malipo katika mkahawa ulioitwa Marine Coffee House, ambako mabaharia na wafanyabiashara walikuja kusikiliza kwa kuwa hesabu za safari ziliwahusu.

Wenye mamlaka hawakupendezwa sikuzote. Mnamo Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili alitoa tangazo la kuifunga mikahawa yote, akidai kwamba uvumi wa kuichafua serikali ulizaliwa humo. Malalamiko yalikuwa makubwa hata tangazo likaondolewa Januari 1676, kabla ya kuanza kutekelezwa. Tukio hili linatufundisha jambo moja: mahali ambapo watu huuliza maswali kwa uhuru huwa na nguvu, na nguvu hiyo huonekana na wakubwa mapema.

Mfano wa pili ni wa mtu mmoja. Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, naye alisomea kazi ya kujalidi vitabu. Hakuwa na njia ya kuingia chuo kikuu. Mwaka 1810 alianza kuhudhuria mihadhara ya sayansi iliyotolewa na John Tatum nyumbani kwake, katika mtaa wa Dorset mjini London. Kila mhadhara ulikuwa shilingi moja, na shilingi hiyo ilitolewa na kaka yake Robert, ambaye alikuwa mhunzi kama baba yao. Miaka miwili baadaye Faraday alipata tikiti za kumsikiliza Humphry Davy katika Royal Institution. Akaandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, na mwaka 1831 akagundua kanuni ambayo kwayo jenereta za umeme hufanya kazi hadi leo. Hatudai kwamba kila asikilizaye atakuwa Faraday. Twasema tu kwamba bila ya sebule ya Tatum na shilingi ya Robert, mlango wa kwanza usingalifunguka.

Mkahawa wa sayansi wa siku hizi ulizaliwa kutokana na falsafa. Mwaka 1992 mwanafalsafa Marc Sautet alianza kukutana na watu kila Jumapili asubuhi katika Café des Phares, kwenye uwanja wa Bastille mjini Paris, ili kujadili maswali ya falsafa pamoja na yeyote aliyetaka kuja. Sautet alifariki mwaka 1998. Duncan Dallas, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni katika mji wa Leeds, Uingereza, alisoma habari za maisha yake gazetini, akaona kwamba jambo hilo laweza kufanywa kwa sayansi pia. Mwaka uo huo akaanzisha mikutano katika mkahawa wa mtaani kwake. Kutoka hapo desturi hii ilienea katika miji mingine ya Uingereza, kisha katika mabara mengine. Mwaka 2013 ulianza mpango mwingine ulio karibu nao, Pint of Science, ambao hupeleka watafiti katika mabaa kwa siku chache za mwezi wa Mei.

Nchini Kenya mikahawa ya sayansi ilianza kufanywa Nairobi mwaka 2008. Mwaka 2009 Juliette Mutheu na Ruth Wanjala waliieleza katika jarida la Trends in Parasitology. Inafaa izingatiwe kwamba maelezo hayo yalitokea katika jarida la elimu ya vimelea. Hapa kwetu mazungumzo ya namna hii yalifungamana tangu mwanzo na afya: malaria, ukimwi, chanjo na dawa. Mtu wa Leeds aweza kwenda kusikiliza habari za nyota kwa ajili ya kustarehesha akili. Mzazi wa Kilifi au Siaya anayesikiliza habari za malaria ana mtoto nyumbani.

3. Utaratibu wake

Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Mwenyekiti humkaribisha mgeni na kumtambulisha kwa maneno machache. Mgeni huzungumza kwa dakika 20 hivi, aghalabu bila ya picha za ukutani wala maandishi. Kisha hufuata mapumziko, watu wakanywa na kuzungumza wao kwa wao. Baada ya mapumziko huja maswali, nayo huchukua saa moja au zaidi. Mara nyingi hakuna kiingilio. Bakuli au kofia huzungushwa kukusanya nauli ya mgeni.

Kila sehemu ya utaratibu huu ina sababu yake. Muda wa mgeni hufupishwa ili alazimike kuchagua jambo moja na kuacha mengine. Picha za ukutani huepukwa kwa kuwa taa zikizimwa na macho yakaelekezwa ukutani, watu hugeuka watazamaji; tena msemaji asiye na picha hulazimika kutafuta mifano katika maneno. Ama mapumziko, hayo ndiyo sehemu isiyopaswa kuondolewa hata muda ukiwa mchache. Mtu anayeona haya kuuliza mbele ya watu hamsini humwuliza kwanza jirani yake, na jirani akimwambia kwamba naye hakuelewa, wote wawili hupata moyo. Swali zuri la saa ya pili mara nyingi limezaliwa katika kikombe cha mapumziko.

Kazi ya mwenyekiti ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Ni juu yake kumzuia msomi aliyehudhuria asitoe mhadhara wa pili kwa jina la swali, kumpa nafasi aliyeinua mkono kwa woga, na kumrudisha mgeni kila anapotumia neno lisiloeleweka. Mwenyekiti asiyethubutu kumkatiza profesa hafai kazi hii, hata akiwa na adabu namna gani.

4. Mkahawa na baraza

Kiswahili kilipata neno mkahawa kutokana na kahawa, na kahawa kutokana na Kiarabu. Lakini katika miji ya pwani kahawa haikuhitaji mkahawa. Muuza kahawa alipita na dele lake na vikombe vidogo, akawakuta wanywaji barazani. Baraza, kwa maana yake ya asili, ni kile kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na nyumba, nje ya mlango, kama kionekanavyo bado Lamu na katika Mji wa Kale wa Mombasa. Hapo watu huketi baada ya sala au baada ya kazi, wakazungumza habari za bahari, bei, siasa na dini. Anayepita hukaribishwa. Mjuzi hubishiwa. Kwa hakika, ukiyaondoa maabara na vyeo, mkahawa wa sayansi una sura ya baraza, na Mswahili akielezwa habari zake hatauona kuwa kitu kigeni.

Hata hivyo neno baraza lina maana nyingine katika Kenya. Tangu enzi ya ukoloni, baraza pia ni mkutano ulioitishwa na chifu au mkuu wa wilaya, ambapo watu hukusanyika kuelezwa amri, kampeni na matangazo. Maana ya kwanza ni ya watu walio sawa wanaobishana. Maana ya pili ni ya mmoja anenaye na wengi wasikilizao. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtafiti akipeleka mazungumzo yake katika baraza la chifu, atasikilizwa kwa heshima, atapigiwa makofi, na hataulizwa chochote. Naye atarudi mjini akidhani kwamba ameeleweka. Ukimya wa baraza la pili si ukimya wa kukubali. Kwa hiyo anayetaka kuanzisha mkahawa wa sayansi hana budi kujua ni baraza lipi analoliazima.

Vilevile, hakuna mahali palipo pa wote. Baraza la nje la pwani kwa desturi ni la wanaume. Baa huwafungia nje Waislamu wengi, vijana, na wanawake wanaochelea maneno ya watu. Mkahawa wa mjini unaouza kahawa ghali humfungia nje asiye na fedha, hata ikiwa mazungumzo yenyewe ni ya bure. Ikiwa jambo la kuzungumzwa ni homa ya watoto wachanga, basi mahali pazuri huenda pakawa mkutano wa chama cha akina mama, au ua wa kituo cha afya siku ya kupima watoto uzito. Kanuni ni kwamba mgeni ndiye aendaye kwa wenyeji; wenyeji wasiitwe kwa mgeni.

5. Lugha ya mazungumzo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini wanasayansi wetu husomeshwa kwa Kiingereza, huandika kwa Kiingereza, na wengi wao hawajapata kueleza kazi yao kwa lugha nyingine. Anaposimama barazani, mtaalamu wa namna hiyo hufanya moja katika mambo mawili. Ama huzungumza Kiswahili chenye viungo vya Kiswahili na nyama ya Kiingereza, kila jina la maana likiwa geni. Ama hulitafuta neno la Kiswahili lililo karibu, akalitumia bila ya kujua limebeba nini. Kosa la kwanza huonekana mara moja. La pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa watu hudhani wameelewana. Tutatoa mifano minne.

5.1 Homa na degedege. Katika uchunguzi uliofanywa Bagamoyo, nchini Tanzania, katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba wazazi waliitambua homa ya malaria na kuipeleka hospitali, ilhali degedege waliihesabu kuwa maradhi mengine kabisa. Degedege ni jina la mishtuko ya mwili impatayo mtoto mdogo. Pia ni jina la nondo ambaye kwa itikadi za kale huleta maradhi hayo. Kwa kuwa si homa, mtoto wa degedege alipelekwa kwanza kwa mganga. Lakini malaria iletwayo na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum ikiwa kali huweza kumletea mtoto mishtuko hiyo hiyo, na saa chache zikipotea huwa ni za uhai. Si kila degedege ni malaria; ila kila degedege yataka hospitali upesi. Sasa, mtaalamu aweza kusema habari za malaria kwa saa nzima, kwa Kiswahili fasaha, na mama aliye mbele yake asijue kwamba anasemwa mwanawe, kwa kuwa neno degedege halikutajwa. Upungufu huu hauponywi na mhadhara mwingine. Huponywa na mama mmoja anayeinua mkono na kuuliza: na degedege je?

5.2 Damu na mumiani. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi, na hapo zamani lilikuwa jina la kitu cheusi kama lami kilichotumiwa kuwa dawa ya majeraha na mifupa iliyovunjika. Katika karne ya 20 likapata maana nyingine: dawa itengenezwayo kwa damu ya watu, kisha mtu mwenyewe anyonyaye damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alikusanya uvumi wa aina hii kutoka Kenya, Uganda na nchi jirani, ambako hata wazimamoto walisadikiwa kuwa wanyonyaji wa damu. Mtafiti wa afya anayeomba damu pwani huomba mbele ya historia hii yote. Kumwita mwenye hofu mjinga hakumwondolei hofu. Tena hofu yake si ya kipumbavu, kwa kuwa watu wa bara hili waliwahi kweli kuchukuliwa miili yao na nguvu zao bila ya kuulizwa. Linalofaa ni kujibu swali lenyewe kwa kipimo kinachojulikana. Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita 5. Mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ni sehemu moja katika elfu. Kisha aelezwe damu hiyo inapelekwa wapi, itahifadhiwa muda gani, na nani atakayeitumia. Swali la mwisho ndilo gumu, nalo lastahili kujibiwa bila ya kuzungusha maneno.

5.3 Majaribio na bahati nasibu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vituo vitatu vilikuwa Kenya: Kilifi, Kombewa na Siaya. Watoto waligawanywa katika makundi bila ya mtu yeyote kuchagua nani aingie wapi. Watoto wa makundi ya kulinganishia hawakupewa chanjo ya malaria; wale wa miezi 5 hadi 17 walipewa badala yake chanjo ya kichaa cha mbwa.

Jaribu kulieleza jambo hili barazani. Neno jaribio ni ndugu wa majaribu, na kumjaribu mtu si jambo la heshima. Kugawanya kwa bahati nasibu kunanukia kamari. Na mzazi akisikia kwamba mtoto wa jirani alichanjwa malaria na wake akachanjwa kichaa cha mbwa, atauliza kwa haki kabisa: mwanangu ana mbwa gani? Jibu lipo, nalo lasemeka kwa Kiswahili. Kama daktari angechagua mwenyewe, huenda angewapa chanjo mpya watoto dhaifu kwa huruma, au walio karibu na hospitali kwa wepesi. Kisha makundi yasingalikuwa sawa, na tofauti ya mwisho isingejulikana imeletwa na chanjo au na uchaguzi. Ndiyo maana ikapigwa kura. Kupiga kura, kabla ya kuwa jina la uchaguzi wa wabunge, kulikuwa ni kugawa kwa haki mahali ambapo hakuna aaminiwaye kupendelea. Warithi walipiga kura, na wavuvi pia. Ama chanjo nyingine ilitolewa ili mtoto wa kundi la pili naye apate jambo lenye faida, na ili mzazi asijue yuko kundi gani, asije akabadili mwendo wake kwa sababu hiyo. Maelezo haya hayahitaji hata neno moja la kigeni. Yanahitaji mtu aliyeyafikiria kabla ya kusimama.

5.4 Kinga na asilimia. Matokeo ya majaribio hayo yalionyesha kwamba, kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopewa dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Msikilizaji wengi huelewa kwamba watoto 36 katika kila 100 hawaugui tena, na 64 hawakupata kitu. Sivyo. Tuseme watoto wasiochanjwa waliugua mara 100. Watoto wa idadi hiyo hiyo waliochanjwa waliugua mara 64. Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kukinga si kuziba. Mwavuli hukinga mvua, na bado miguu hulowa. Hakuna autupaye mwavuli kwa sababu hiyo, wala hakuna alalaye nje kwa kuwa anao. Mzazi aliyeelewa hivyo atampeleka mtoto akachanjwe, na usiku bado atamlaza ndani ya chandarua. Asiyeelewa atafanya moja na kuacha jingine. Kenya ilianza kuitoa chanjo hii kwa watoto wa sehemu za magharibi mnamo Septemba 2019, na Shirika la Afya Ulimwenguni likaipendekeza Oktoba 2021. Kwa hiyo suala la kuelewa asilimia si la darasani tena.

Itaonekana kutokana na mifano hii kwamba upungufu wa istilahi si tatizo kubwa kama linavyotajwa. Kiswahili kimejipatia maneno ya sayansi kwa kukopa, kama virusi, seli na atomu. Kwa kupanua maana, kama kinga na chanjo. Na kwa kufupisha maelezo, kama UKIMWI. Neno chanjo lenyewe ni funzo. Limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo, kama mganga alivyochanja na kupaka dawa. Liliingia katika hospitali bila ya kutafsiriwa na kamati yoyote, kwa kuwa watu waliona mfanano. Leo twaita chanjo hata matone ya polio yatiwayo mdomoni, ambayo hayamkati mtu, na hakuna anayekanganyikiwa. Mnamo 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya lazima. Lakini neno huorodheshwa katika kamusi, na hukubaliwa barazani.

Pamoja na hayo, tusikifanye Kiswahili kuwa Kiingereza cha pili. Kuna wazee wa Kilifi ambao hofu yao husemeka kwa Kigiriama, na akina mama wa Siaya ambao swali lao la kweli huja kwa Kidholuo. Hapo mkahawa wa sayansi wahitaji mkalimani, na mkalimani huyo aelezwe mapema habari zitakazosemwa, asikutane nazo mbele ya watu.

6. Baadhi ya matatizo

Haifai kuisifu desturi hii bila ya kutaja mipaka yake. Kwanza, wanaohudhuria mara nyingi ni wale waliokwisha kusoma, nao huja kusikia wanayoyajua. Pili, mikutano mingi hutegemea fedha za wafadhili, na fedha zikikoma mikutano hukoma. Ile idumuyo ni ile ambayo wenyeji wenyewe huinunulia kahawa. Tatu, ni rahisi mkutano kugeuka tangazo la shirika linalotafuta watu wa kuchunguza. Mgeni aje kueleza utafiti au aje kuomba watu, lakini asiyafanye yote mawili katika kikao kimoja. Maana anayeombwa hawezi kuuliza kama anayezungumza.

Nne, wapo wanasayansi wanaoogopa kusema kwamba jambo fulani bado halijulikani, wakidhani kuwa watavunjiwa heshima. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Msikilizaji wa baraza amezoea kuwapima wasemaji, naye humtilia shaka ajuaye kila kitu. Mtaalamu anayeonyesha mpaka wa ujuzi wake huaminiwa anaposema yaliyo upande wa huku.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba mkahawa wa sayansi ulitoka katika mikahawa ya kale na sebule kama ile ya Tatum, ukapata sura yake ya sasa Paris na Leeds, na ukafika Nairobi mwaka 2008. Kwamba nguvu yake iko katika maswali. Na kwamba maswali huulizwa kwa lugha ambayo mtu huotea ndoto. Yatokanayo na hayo ni kazi kwa idara za lugha, wala si kwa idara za sayansi peke yake. Wanafunzi wetu wanaweza kuhudhuria vikao hivi na kuandika maswali kama yalivyoulizwa, kwa maneno ya waulizaji wenyewe, kwani humo mna istilahi ambazo hakuna kamati iliyozibuni. Walimu wetu wanaweza kukaa na mtafiti siku mbili kabla ya kikao na kuyapima maneno yake: hili limebeba nini, lile litasikika vipi. Na istilahi mpya, kabla hazijachapishwa, zingeweza kupelekwa mahali ambapo mtu yuko huru kucheka akisikia neno lisilofaa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hiyo humwelekea anayeuliza, ili asione haya. Katika mkahawa wa sayansi yamwelekea pia anayeulizwa: asilione swali la mama wa degedege kuwa ujinga wa kusahihishwa, bali alione kuwa habari ambayo hakuwa nayo alipoingia.